Kwa nini tamthilia za Kenya zinateka nyoyo Unguja

BAADA ya sala ya Isha, mitaa mingi ya mjini Unguja, kuanzia Mji Mkongwe hadi Ng'ambo, huwa na jambo moja linalofanana. Nyuma ya madirisha yaliyo wazi husikika sauti za watu wanaogombania urithi, wanaopinga ndoa isiyo ya chaguo lao, au wanaoficha siri ya mtoto asiyemjua baba yake. Wanaogombana si majirani. Ni waigizaji walio ndani ya runinga, na mara nyingi lafudhi zao ni za Mombasa, Malindi au Nairobi.

Tamthilia za Kenya si za kigeni pekee zinazotazamwa visiwani. Za Uturuki zimekuwa zikirushwa na Azam TV zikiwa zimeingizwa sauti za Kiswahili, na za India zina wapenzi wa tangu enzi za babu. Hata hivyo, zile za nchi jirani zina mvuto wa aina yake, kwa kuwa mtazamaji wa Unguja anapozitazama hujiona ndani yake, na papo hapo huhisi kuwa anayeonekana si yeye hasa.

Mvuto huo una sababu zinazoweza kuelezeka: historia, lugha, namna hadithi zenyewe zinavyopangwa, na uchumi wa kuzitengeneza. Sababu hizo zikieleweka, ndipo linapojitokeza swali zito zaidi, nalo ni nani atakayeisimulia Zanzibar kwa Wazanzibari wenyewe.

Pwani moja, bendera mbili

Mipaka ya leo huwasahaulisha wengi kwamba hadi mwaka 1963 ukanda wa pwani ya Kenya, wenye upana wa maili 10, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Kwa mkataba wa mwaka 1895 ukanda huo ulikuwa ukiendeshwa na Waingereza kwa malipo, na bendera ya Sultani iliendelea kupepea Mombasa hadi karibu na uhuru wa Kenya, Desemba 12, 1963. Siku mbili tu kabla ya hapo, Zanzibar nayo ilikuwa imepata uhuru wake, na mwezi uliofuata yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964.

Serikali zilibadilika, lakini jamaa hawakubadilika. Zipo familia zenye mguu mmoja Unguja au Pemba na mwingine Mombasa, Lamu au Vanga. Wavuvi wa Kipemba waliovuka bahari kwa dago walijenga makazi katika pwani ya Kenya, na kizazi baada ya kizazi waliishi huko bila ya kutambuliwa kuwa raia. Ilikuwa mwaka 2023 ndipo Serikali ya Kenya ilipoitambua rasmi jamii ya Wapemba kuwa miongoni mwa makabila ya nchi hiyo na kuanza kuwapatia vitambulisho.

Muziki nao ulivuka kabla ya picha. Sahani za santuri za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, zilisikilizwa pwani nzima. Baadaye taarab ya Mombasa na Lamu, ya kina Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh, ikapata wapenzi Unguja. Kwa hiyo tamthilia inayotoka Mombasa inapoingia katika nyumba ya Mji Mkongwe hupita njia iliyokwisha kufunguliwa kitambo. Mtazamaji anauona mlango wa nakshi, anaiona kanga, anaisikia salamu anayoijua, na hahitaji kuelezwa kwa nini binti ameinamisha uso mbele ya mama mkwe.

Wazanzibari si wageni wa picha

Aidha, hadhira ya Unguja ni hadhira iliyokomaa. Mji wa Zanzibar ulikuwa na majumba ya sinema kama Majestic ya Vuga, iliyojengwa upya mwaka 1955, Empire ya Darajani na Cine Afrique. Filamu za Kihindi zilijaza kumbi hizo, na yalikuwapo maonesho maalumu ya wanawake, waliokwenda kulia na kucheka pamoja bila ya kuangaliwa na wanaume. Filamu zikisha, mazungumzo yaliendelea majumbani kwa wiki nzima: nani alikosea, nani alistahili kusamehewa, na mzazi alikuwa na haki gani.

Mapema katika miaka ya 1970, Zanzibar ilianzisha televisheni yake, TVZ, ikiwa na picha za rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika bado zilikuwa na picha nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata vituo vyake vya kwanza vya televisheni. Maana yake ni kwamba Mzanzibari alizoea kuketi mbele ya runinga miaka 20 hivi kabla ya ndugu yake wa Dar es Salaam.

Kumbi za sinema zilipofifia, desturi ile ya kutazama na kujadili haikufa. Ilihamia ukumbini kwa kila familia. Katika nyumba za Michenzani na mitaa ya Ng'ambo, runinga ndiyo ikawa sinema, na majirani wakawa ndio watazamaji.

Lugha isiyohitaji mkalimani

Sababu ya pili, na pengine iliyo kubwa kuliko zote, ni lugha. Katika miaka ya 2000 vituo vya Afrika Mashariki vilijaa tamthilia za Marekani ya Kusini zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, pamoja na nyingine za Afrika Kusini kama Isidingo. Zilipendwa, lakini mara nyingi bibi wa nyumba alitegemea wajukuu wamfasirie. Mjukuu akifasiri sentensi moja, tatu zimekwisha kupita.

Tamthilia za Kenya za Kiswahili ziliondoa tatizo hilo. Nchi hiyo ilikuwa na mila ya maigizo ya Kiswahili tangu enzi za shirika la utangazaji la taifa, KBC, lililorusha michezo kama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Marehemu Benson Wanjau, maarufu kwa jina la Mzee Ojwang, aliyefariki dunia Julai 2015, alijulikana mbali na mipaka ya Kenya. Baadaye Citizen TV ikaja na Papa Shirandula ya Charles Bukeko, aliyefariki dunia Julai 2020. Vichekesho hivyo vilitumia Kiswahili chenye lafudhi za bara, na kwa mtazamaji wa Unguja lafudhi yenyewe ilikuwa sehemu ya kichekesho.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale tamthilia zilipoacha vichekesho na kuingia katika mapenzi, ukoo na mali. Katikati ya miaka ya 2010 kampuni ya MultiChoice iliigawa chaneli yake ya Kiswahili, ikawapo Maisha Magic East kwa ajili ya soko la Kenya na Maisha Magic Bongo kwa ajili ya Tanzania. Mwaka 2018 chaneli ya kwanza ilianza kurusha Selina. Mwaka 2019 Citizen TV ikaanza Maria, kisa cha msichana wa mtaa wa mabanda anayeingia katika jumba la tajiri, kilichotengenezwa na kampuni ya Jiffy Pictures ya watangazaji wa habari Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ambao ni mke na mume. Ikafuata Zora mwaka 2021, kisha Sultana mwaka 2022, yenye mandhari ya Pwani na msichana asiyeona kuwa ndiye mhusika mkuu.

Kwa Mzanzibari, Kiswahili cha tamthilia hizo kina utamu wa ziada. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaisimamia kazi hiyo. Tangu hapo Mzanzibari amejiona mwenye nyumba katika lugha hii. Anapomsikia mwigizaji wa Mombasa, husikiliza kwa masikio mawili: moja la kufuata kisa, jingine la kupima maneno.

Kimvita, lahaja ya Mombasa, humwita mtu anayekuja kwa neno "ndoo" badala ya "njoo", njia huiita "ndia" na macho huyaita "mato". Mzanzibari aliyesoma mashairi ya Muyaka bin Haji skuli husikia maneno hayo kama ya babu zake. Kinyume chake, mwigizaji wa Nairobi anaposema "bibi yangu" huenda akawa anamkusudia mke wake, ilhali Unguja bibi ni mzaa baba au mzaa mama. Anaposema "nyanya" huwa anamkusudia bibi, wakati Mzanzibari anayejua kuwa kitoweo kinaungwa kwa tungule hutabasamu tu. Mabishano madogo ya namna hiyo nayo ni burudani.

Ikumbukwe pia kwamba Kenya imewekeza katika lugha hiyo. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na Katiba ya mwaka 2010 ikakipa hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Waandishi na waigizaji wengi wa leo ni zao la madarasa hayo.

Kisa kinavyomshika mtazamaji

Sababu ya tatu imo katika ufundi wa tamthilia yenyewe. Filamu huanza na kwisha kwa saa mbili. Tamthilia ya kila siku humpa mtazamaji nusu saa tu, kisha humwacha katikati ya jambo. Barua imefunguliwa lakini haijasomwa. Mlango umegongwa lakini aliyesimama nje hajaonekana. Mtazamaji hulala na swali, na kesho yake hulichukua kazini, sokoni na saluni.

Kwa sababu kisa kinachukua miezi mingi, wahusika huwa kama watu wa nyumbani. Mtazamaji huwajua tabia zao, huwaonya kwa sauti mbele ya runinga, na huwalaani wanapokosea. Hapo ndipo tamthilia inapofanana na baraza. Katika jamii ambayo mambo ya ndani husitiriwa, si rahisi mwanamke kusimama mbele ya wenzake akasema kuwa mavyaa wake anamnyanyasa, au kwamba shemeji zake wanamnyima haki ya mirathi. Lakini ni rahisi sana kusema kuwa yule mavyaa wa kwenye tamthilia hana huruma. Wanaomsikiliza wanaelewa, naye hakuvunja heshima ya nyumba yake.

Mada nazo ni zilezile zinazoisumbua Unguja: kijana maskini anayempenda binti wa tajiri, ardhi ya ukoo inayouzwa kwa siri, mume mwenye mke wa pili asiyejulikana, mtoto anayetafuta nasaba yake. Tamthilia ya Uturuki inaweza kuzungumzia mambo hayo katika kasri la mfalme. Ya Kenya huyaweka katika nyumba ya matofali yenye sufuria jikoni na bodaboda nje.

Hesabu ya wingi

Sababu ya nne ni fedha na uzoefu. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962, na kwa zaidi ya miongo sita imelea waandishi wa maigizo, wapiga picha, wahariri na mafundi wa sauti. Kanuni za utangazaji za nchi hiyo zimevitaka vituo vitenge asilimia 40 ya vipindi kwa maudhui ya ndani. Kituo kinacholazimika kujaza saa hizo, na ambacho kinaona watangazaji wa biashara wanapenda tamthilia, hununua tamthilia. Mtengenezaji akihakikishiwa kununuliwa, huajiri. Akiajiri mwaka mzima, waigizaji hukomaa.

Kurekodi tamthilia ndefu ni kazi ya kiwanda. Nyumba moja hukodiwa kwa miezi, taa hazihamishwi ovyo, na matukio ya sehemu nyingi yanayofanyika katika chumba kimoja hurekodiwa kwa pamoja. Kadiri sehemu zinavyokuwa nyingi, ndivyo gharama ya kila moja inavyopungua. Mtu mwenye bajeti ya filamu moja hawezi kuufikia unafuu huo.

Ukubwa wa soko nao huamua. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia Kenya watu wapatao milioni 47.6. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 iliihesabia Zanzibar watu 1,889,773. Tamthilia itakayotegemea watangazaji wa biashara wa Unguja na Pemba peke yao haiwezi kulipa mishahara. Ile itakayotazamwa kuanzia Lamu hadi Mtwara inaweza. Kisha ving'amuzi na mtandao wa YouTube vimeondoa kikwazo cha mpaka, na kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya Nairobi humfikia mtu wa Kiembesamaki kwa siku hiyohiyo.

Wasiwasi wa wazee

Mapenzi hayo hayakosi lawama. Ya kwanza ni ya lugha. Tamthilia za Nairobi huchanganya Kiswahili na Sheng, na watoto huyaokota maneno hayo haraka kuliko wanavyoyaokota ya darasani. Kwa mji uliotoa msingi wa Kiswahili sanifu, mtoto anayemwita mama yake "mathe" ni jambo linalouma.

Lawama ya pili ni ya maadili. Zanzibar ina Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, chombo chenye jukumu la kukagua filamu. Ukaguzi wa namna hiyo ulikuwa rahisi pale mkanda ulipopitia mlango wa sinema. Picha inayoshuka kutoka katika satelaiti au kufunguliwa katika simu haipitii mlango wowote, na kazi ya kuchuja imebaki mikononi mwa wazazi.

Lawama ya tatu husikika kwa nadra, lakini ina uzito. Nayo ni kwamba Pwani inayoonekana katika tamthilia mara nyingine ni Pwani ya kubuni: ya majini, uganga na watu wavivu wenye maneno matamu. Wakazi wa pwani ya Kenya wana haki ya kulijadili hilo katika nchi yao. Mzanzibari, ambaye hayumo katika mkutano wa waandishi wala katika kikao cha kuchagua waigizaji, hana pa kulipeleka. Hutazama akajikuta anasemewa.

Hazina iliyolala kabatini

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Zanzibar haikukosa visa. Visiwa hivi ni miongoni mwa mahali palipotoa riwaya bora kabisa za Kiswahili, na nyingi kati yake zimebeba hasa yale ambayo watazamaji wanayatafuta katika tamthilia za jirani.

Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, inamhusu binti anayekataliwa na baba yake mwenye mali kwa sababu ya rangi, na jasho lake la miaka linakuja kutishiwa na warithi. Kiu ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1972, inahusu mapenzi yaliyoingiwa na tamaa ya fedha. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, inamhusu Maimuna, aliyefungiwa ndani na baba mwenye cheo hadi akakimbia. Adam Shafi ametupa Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli. Katika maigizo ya jukwaani, Farouk Topan aliandika Mfalme Juha na Aliyeonja Pepo tangu miaka ya 1970.

Kwamba kazi hizo zinaweza kugeuzwa picha si ndoto. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilifanywa filamu na mwongozaji Amil Shivji. Ilirekodiwa Zanzibar, ikaoneshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto mwaka 2021, na Tanzania ikaipeleka kugombea tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Watazamaji wa nje waliuona Mji Mkongwe wa miaka ya 1950, na wakamsikia Yasmin na Denge wakizungumza Kiswahili cha mahali pao.

Filamu moja, hata hivyo, haijazi wiki. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza mwaka 1998, limekuwa likileta filamu za nchi za jahazi katika Ngome Kongwe. Tamasha hilo limeonesha kwamba mji huu unaweza kuwa mwenyeji wa picha za wengine. Kinachosubiriwa ni mji kuwa mtengenezaji wa kudumu wa picha zake.

Vyombo vipo. Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, lililoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha redio na televisheni za Serikali, lina hadhira yake visiwani. Vipo vituo na ving'amuzi vya Bara vyenye njaa ya vipindi vya Kiswahili. Wapo waigizaji wa vikundi vya mitaani na wa redio, na mandhari ambayo watengenezaji wa nje hulipa fedha kuja kuyarekodi. Kinachokosekana ni mnyororo: mnunuzi anayeahidi msimu mzima, mkopo unaotambua mswada wa tamthilia kuwa ni mali, na mafunzo ya kuandika visa virefu.

Njia moja iliyo karibu ni ushirikiano. Ikiwa Mombasa ina uzoefu wa kurekodi na Unguja ina visa na lugha, hakuna linalozuia pande mbili hizo kuandika pamoja. Soko la Kiswahili la Afrika Mashariki ni moja kwa mtazamaji, hata kama kwa ofisi za leseni ni mengi. Mzanzibari akiwa ndani ya chumba cha waandishi, bibi atarudi kuwa bibi, na nyumba ya Pwani haitakuwa lazima iwe na jini.

Kupenda tamthilia za Kenya si usaliti wa utamaduni. Ni ushahidi kwamba Unguja bado ina kiu ya visa vya watu wake, vinavyosemwa kwa lugha yake, na kwamba kiu hiyo ikikosa maji ya nyumbani huzimwa kwa ya jirani. Jirani hana kosa. Amechimba kisima chake. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, lakini kutuzwa hutanguliwa na kucheza, na kwa sasa uwanja wa Unguja una watazamaji wengi kuliko wachezaji.